Tulipima Mtaro, Hatukupima Kona

Ukipita mtaa wetu hapa Umoja asubuhi, utanikuta nje ya kiduka cha mke wangu, nimekalia kreti ya soda, tepu ya kupimia iko kwenye mfuko wa shati. Vijana wa hapa hunicheka. "Mzee Kioko, si ulistaafu? Unapima nini tena?" Wacheke tu. Tepu hiyo nimeibeba miaka thelathini na minne, na siku nikiisahau nyumbani najiona kama nimetoka bila suruali.

Nilikuwa fundi wa karakana katika chuo kikuu, pale wanafunzi wa uhandisi wanapokuja kushika chuma kwa mikono yao. Sikuwa mhadhiri, tuelewane. Wahadhiri walikuwa ghorofani na makaratasi yao, mimi nilikuwa chini na mafuta kwenye kucha. Mwanafunzi akimaliza hesabu yake huko juu, aliiteremsha kwangu tuone kama inaweza kusimama. Wengine hawakuwa wamewahi kushika nyundo maishani. Mmoja aliniuliza, kwa heshima zote, spana inawashwa wapi. Sikumcheka mbele yake. Nilikwenda stoo nikacheka huko mpaka machozi yakanitoka, kisha nikarudi nikamfundisha. Leo nasikia ni bosi mkubwa wa mitambo mahali fulani, na mimi siri yake nimeitunza, jina sitaji.

Sasa nyinyi mnaoingia chuo mwaka huu mnakuja hapa dukani kununua mkate, mnaniuliza mambo ya uongozi. Naambiwa siku hizi uongozi una somo lake, mnaandikia mtihani kabisa. Ni sawa, someni. Lakini mimi nililiona somo hilo likifundishwa Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabanda karibu na viwanda, kando ya mtaro mchafu, na aliyepata alama mbaya kuliko wote nilikuwa mimi. Hiyo ndiyo nataka kuwasimulia, ili msije mkaambiwa na watu wengine.

Chuo chetu kilikuwa na mtindo mmoja mzuri. Wanafunzi wa mwaka wa nne walijigawa vikundi, na kila kikundi kikatengeneza kitu kimoja ambacho watu wa kweli watakitumia. Si mfano wa kuweka kabatini. Kitu. Mwaka huo kikundi kimoja cha vijana saba kikachagua daraja la miguu.

Kiongozi wao alikuwa Nasra, binti wa wauza vitambaa wa jumla kule Eastleigh. Msichana mtulivu, buibui lake amelikunja vizuri ndani ya ovaroli, na buti za chuma kubwa kuliko yeye. Mnajua alivyopata uongozi? Siku ya kuchagua, wenzake wote walitazama dari. Yeye alikuwa ameshika kalamu, anaandika majina ya waliohudhuria. Mmoja akasema, "Nasra ndiye ako na kalamu," na kura ikaishia hapo. Aliyesema hivyo alikuwa Brayo, kijana wa hapa hapa Umoja, amekulia kwenye kibanda cha mjomba wake cha kuchomelea mageti. Brayo alikuwa na mkono mzuri wa kazi na mdomo usiolala. Akiunganisha vyuma viwili, utafikiri vilizaliwa pamoja. Akinyamaza, utafikiri ni mgonjwa.

Nilikwenda nao Reuben siku ya kwanza. Unashuka kutoka barabara kubwa, unapita ukuta wa mawe, unafika kwa kinyozi mmoja, hapo njia inapinda ghafla, halafu mbele kidogo ndio mtaro. Upana wake ni kama mita nne. Maji yanatoka huko viwandani na rangi yake inabadilika kila siku. Juu yake palikuwa na ubao mmoja, upana wa futi, basi.

Ng'ambo ya mtaro aliishi Mama Zawadi, mama anayeuzia wafanyakazi wa viwandani chai na chapati. Binti yake Zawadi alikuwa na miaka tisa, na miguu yake haikuwahi kupata nguvu tangu azaliwe. Watu wa kanisa walikuwa wamempa kiti cha magurudumu, kizuri tu, lakini hakikuweza kupita kwenye ubao. Kikawa kinalala kwa kinyozi. Kila asubuhi mama alimbeba Zawadi mgongoni, akavuka ubao, akamkalisha kwenye kiti, akamsukuma mpaka shule. Jioni hivyo hivyo. Mvua ikinyesha ubao uliteleza, na mtoto akakosa shule hata wiki nzima.

Nasra akamuuliza mama anataka daraja la namna gani. Mama Zawadi akafuta mikono kwenye leso.

"Mimi sitaki makubwa," akasema. "Huyu anaongezeka uzito na mimi naongezeka miaka. Nataka avuke mwenyewe."

"Na nisishikwe," akasema Zawadi.

Nasra akayaandika maneno hayo kwenye daftari lake, na akapiga mstari chini. Masika yalikuwa yamebaki wiki sita hivi.

Ngoja niwaeleze kuhusu Mzee Salim, kwa sababu bila yeye hamtaelewa ujinga wangu. Mzee Salim alikuwa mtu wa Pumwani, kofia ya kufuma kichwani, Kiswahili chake kimenyooka mpaka unaona haya kufungua mdomo. Mimi niliingia karakana nikiwa kijana mshamba kutoka Machakos. Baba yangu alikuwa mchonga vinyago, nikadhani najua kila kitu kuhusu vipimo. Siku moja Mzee Salim alinipa bomba la kukata. Nikapima haraka, nikakata, nikaenda kuliweka. Likapungua inchi mbili. Nikageuka, namwona amesimama pale, mikono yake ameifunga nyuma ya mgongo.

"Ulikuwa unaona, Mzee?"

"Nilikuwa naona."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekata bomba moja sawasawa," akasema. "Sasa utakata yote."

Na kweli, sijawahi kukata bomba fupi tena. Mikono nyuma, ndivyo alivyofundisha. Mwanafunzi akifanya kazi, mwalimu anaweka mikono nyuma, hata kama inamwasha. Nikalibeba fundisho hilo miaka yote, nikalijivunia. Wanafunzi walinijua kwalo. Wakiniona nimeweka mikono nyuma walikuwa wanaambiana, "Ebu tuangalie tena, kuna kitu tumeharibu."

Basi, turudi kwa daraja. Wale vijana walifanya kazi, siwezi kuwanyima haki yao. Walipima mtaro mara tatu. Walipima udongo wa kingo, wakapima uzito wa watu sita wakiwa juu kwa wakati mmoja, wakapima kiti cha Zawadi. Brayo akachomelea fremu moja ya mita tano, upana mita moja na robo, vyuma vya kushikia pande zote mbili, kila kitu kimeungana kipande kimoja. Ulikuwa ukilitazama pale karakana linang'aa kwa rangi ya kijani, unasema hawa watoto wamefika.

Na mimi nilijua halitapita.

Nilijua tangu ile siku ya kwanza. Pale kwa kinyozi njia inapopinda, nilikuwa nimeona mkokoteni wenye nondo umekwama. Wenye mkokoteni walishusha nondo chini, wakazibeba moja moja mpaka ng'ambo ya kona. Upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili nyumba ya mabati, na katikati njia ambayo watu wawili wanene wanapishana kwa kuombana radhi. Kitu cha mita tano hakigeuki pale. Huwezi hata kukisimamisha wima, kwa sababu juu nyaya za stima zimepitana ovyo. Nikaona yote hayo kwa macho yangu.

Niliwauliza mara mbili. "Mmemaliza kupima kila kitu?" Wakasema ndiyo. Mara ya pili Nasra akanitazama kidogo, akafungua daftari lake, akapitia kurasa, akasema, "Ndiyo, Mzee." Nami nikaweka mikono nyuma. Nilikuwa nimeshaiandaa hata hotuba yangu ya siku watakayokwama. Woi, jamani. Mtu mzima ovyo!

Siku ya kulipeleka ilikuwa Jumamosi. Lori likatufikisha barabarani, na watu wa Reuben wakajitokeza bila kuitwa, wanaume kama ishirini, wakaliweka daraja mabegani na nyimbo juu. Ng'ambo ya mtaro niliambiwa Mama Zawadi amemvalisha binti yake gauni la Krismasi. Tukafika kwa kinyozi. Wa mbele wakapinda, wa nyuma wakasukuma, daraja likagonga ukuta wa mawe. Wakarudi nyuma. Wakalilaza ubavu, likagonga mabati. Wakainua upande mmoja, mtu akapiga kelele, "Waya! Waya! Mtatuua!" Wakalishusha chini. Nyimbo zikaisha.

Kinyozi akatoka na mashine yake ya kunyolea mkononi, mteja wake nyuma amenyolewa nusu kichwa. Akatazama daraja, akatazama kona. "Sasa nyinyi," akasema, "mlidhani hii kona ni ya mpira?"

Brayo jasho linamtoka. Akaenda kwenye ile nyumba ya mabati, akaigonga kwa vidole. "Nasra, hizi ni misumari nane tu. Tunatoa hii ukuta, tunapitisha, tunarudisha. Dakika kumi."

"Mwenyewe yuko wapi?" Nasra akauliza.

"Ako job huko Industrial Area," jirani akajibu. "Anarudi jioni."

"Si tutakuwa tumerudisha before afike," Brayo akasema. "Hatajua hata."

Nasra akaweka kiganja kwenye yale mabati. Watu wote wanamtazama, wanaume ishirini mabega yanawauma, na mimi niko nyuma nimefunga mikono. Ukitaka kujua uzito wa uongozi, simama mahali pale mbele ya macho yale.

"Nyumba ya mtu haifunguliwi akiwa hayuko," akasema. "Hata kwa dakika moja."

"Aki Nasra, masika ndio hayo yanakuja!"

"Nimesikia, Brayo."

Akapanda juu ya jiwe moja pale, sauti yake ndogo. Akawaambia wale watu, "Samahanini. Kosa ni langu. Nilipima mtaro, sikupima njia ya kufikia mtaro. Daraja tunalirudisha chuo tukalitengeneze upya. Naomba mtusaidie tena kulibeba mpaka kwa lori." Kuna waliosonya. Mzee mmoja akasema wanafunzi ni wanafunzi tu. Lakini wakaliinua. Na Nasra hakupanda lori pamoja na sisi. Alivuka ule ubao peke yake, akaenda kumwambia Mama Zawadi kwa mdomo wake mwenyewe.

Mimi ndani ya lori nikatoa hotuba yangu. Nikawaambia juu ya bomba la Mzee Salim, kwamba fundi hapimi kitu tu, anapima na njia. Vijana wakasikiliza, vichwa chini. Nikaona nimefundisha somo zuri kuliko yote ya maisha yangu. Nilirudi nyumbani nikala ugali mkubwa.

Jumatano ikanyesha, mapema kuliko tulivyotarajia. Alhamisi asubuhi Mama Zawadi akiwa katikati ya ubao na mtoto mgongoni, mguu ukateleza. Hakumwachilia Zawadi. Alianguka ubavu kingoni, akajikinga kwa mkono mmoja, na kifundo cha mkono kikavunjika. Mtoto hakupata hata mkwaruzo. Lakini mama akafungwa plasta, na daktari akamwambia asibebe chochote wiki sita. Zawadi akawa wa kukaa nyumbani.

Habari hizo Nasra alizipata kwa simu, akaja karakana. Nilikuwa napanga bolti kwenye makopo. Akasimama mbele ya meza yangu. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Mzee Kioko, uliniuliza mara mbili kama nimemaliza kupima."

"Ndiyo."

"Ulijua kuhusu ile kona?"

Ningeweza kudanganya. Nawaambia ukweli, neno la uongo lilifika mpaka kwenye meno. "Nilijua," nikasema. "Nilitaka mjifunze wenyewe. Ndivyo nilivyofundishwa mimi."

Machozi yakamjaa, akayafuta kwa mkono wa ovaroli. "Sisi ni wanafunzi wako, Mzee. Tufunze utakavyo, hata kwa kutuaibisha. Wallahi sina neno. Lakini Mama Zawadi hakujiandikisha kwa darasa lako."

Akatoka. Nami nikabaki na bolti mkononi, sijui ni ya kopo gani.

Ndipo nikakumbuka siku nyingine ya Mzee Salim, ambayo nilikuwa nimeisahau kwa sababu haikunipendeza. Nilikuwa naunganisha ngazi ya kupandia paa la jengo la maktaba, na kipandio kimoja nimekichomelea juujuu tu. Mzee Salim alikuwa mbali, anakunywa chai. Aliiacha chai hiyo akaja anakimbia, kofia ikamwanguka, akanipokonya ile ngazi. "Hii atapanda mtu!" akanifokea mbele ya wote. "Bomba lako ukikosea unakosea wewe. Hii atapanda mtu!" Nilikasirika siku tatu. Basi mimi nikachukua nusu ya mafundisho yake, ile nusu ya kuweka mikono nyuma, iliyonifanya nionekane mwenye hekima, na nusu ya pili nikaiacha chini pamoja na kofia. Nilikuwa na miaka hamsini na tisa, nimebakiza mwaka mmoja nistaafu, na sikuwa nimejua. Nililia, watoto wangu. Sioni haya kusema. Nilikaa stoo, pale pale nilipokwenda kumcheka yule wa spana, nikalia.

Kesho yake nikamwomba Nasra anipeleke Reuben. Akakubali. Mama Zawadi alikuwa amekaa mlangoni, plasta mpaka kwenye kiwiko, jirani anamsaidia kusukuma chapati. Nikamweleza yote. Sikuficha, sikuweka na hadithi ya bomba. Nikasema nilijua, nikanyamaza, nimekosea, nisamehe mama.

"Wewe mzee mzima," akasema. "Mvi zote hizo! Uliona na ukanyamaza?"

"Ndiyo, mama."

"Ungekuwa mtoto wangu ningekuchapa na hii plasta." Kisha akageuka akamtazama Zawadi, aliyekuwa sakafuni na kitabu cha hesabu. "Pole yako nimeisikia. Lakini pole haimfikishi huyu shule. Kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi uwe hapa. Utambeba wewe."

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania.

Basi nikambeba. Tulifanya zamu, mimi na wale vijana saba, mpaka daraja likamalizika. Siku yangu ya kwanza nilifika kwenye ubao macho yakishuka kwenye maji. Zawadi mgongoni ananipumulia sikioni. "Babu, usiangalie maji. Angalia mlango wa kinyozi. Sasa kanyaga katikati. Usikanyage pembeni, huko kumeoza. Katikati, babu!" Nilikanyaga katikati. Tulipovuka akanipigapiga begani. "Umejaribu," akasema. "Lakini unahema sana. Mama hahemi hivyo." Yule mtoto aliujua ubao ule kuliko mhandisi yeyote, na katika kurasa zote za daftari letu hatukuwa tumemuuliza swali hata moja; hata lile la kwanza tulimuuliza mama yake.

Nasra ndiye aliyeligundua hilo. Zamu yake ilipofika, alipomkalisha Zawadi kwenye kiti akamwambia anyooshe mkono kama anashika chuma cha daraja. Zawadi akanyoosha mkono, ukaishia kwenye kiuno cha Nasra. Vyuma vyetu vya kushikia tulikuwa tumeviweka juu, mahali mkono wa Brayo unapofika. Tulipima kiti, hatukumpima aliyekaa kwenye kiti. Nasra akacheka kwa uchungu, akatoa tepu palepale njiani. Zawadi akamwambia na jambo la pili, kwamba magurudumu yake ya mbele hupenda kukimbilia pembeni, kwa hivyo sakafu iwe na ukingo mdogo chini, wa kuyazuia. Kitu cha inchi tatu tu! Sisi tulikuwa tumepima udongo.

Karakana ikafanya kazi wiki ile kama siku ya mwisho ya dunia. Nasra akawaita wote, akawauliza tulikate daraja wapi ili lipite kwenye kona. Sikufunga mikono. Nilisema nilichokijua, kisha nikanyamaza waamue, na niliona kwamba vyote viwili vinawezekana kwa mtu mmoja. Brayo ndiye aliyelikata. Kulikata daraja ulilochomelea mwenyewe kunauma, nyinyi mtaona mkifanya kazi. Aliwasha grinda, akaizima, akasema, "Nasra, si ungekata wewe?" Nasra akachukua miwani ya kinga, akasema, "Sawa, nionyeshe." Hapo Brayo akaona aibu, akairudisha grinda mkononi, akakata. Vipande vitatu, kila kipande na bamba la kuungia, bolti sita kila upande, na chini chuma cha pili cha kushikia kwa kimo cha Zawadi, na ule ukingo wake. Na fungeni bolti kwa kukatiza, vijana, moja upande huu, inayofuata upande wa pili, msizungushe moja baada ya nyingine kama saa, bamba litakaa kombo. Hilo ni la bure, nawapa.

Kabla ya kupaka rangi, Nasra akatengeneza fremu ya vijiti vya mbao, ukubwa ule ule wa kipande kirefu kuliko vyote. Vijana wawili wakaibeba mpaka Reuben kwa miguu yao, wakaipitisha kwenye kona ya kinyozi, wakageuka, wakarudi nayo tena. Ilipita na nafasi ya kiganja ikabaki. Kinyozi akapiga makofi. Mwenye nyumba ya mabati, mama mmoja, siku hiyo alikuwepo, akauliza kuna nini, na majirani wakamsimulia kuhusu ile Jumamosi, jinsi msichana alivyokataa nyumba yake kufunguliwa. Siku ya kuleta vipande vya kweli tulikuta yule mama ameshaing'oa misumari yake, ukuta wake ameuegemeza kando ili wabebaji wapate hewa.

Tulikifunga kipande cha mwisho asubuhi ya Jumamosi nyingine, mawingu mazito, hakuna aliyeimba. Watu walijaa kingo zote mbili. Kiti cha Zawadi kilivushwa, kwa mara ya kwanza kikafika mlangoni kwao. Akakalishwa. Alikuwa na lile gauni la Krismasi.

Akasukuma magurudumu mpaka mwanzo wa daraja. Brayo akainama kushika mpini wa kiti nyuma, kwa nia njema tu. Nasra akamgusa bega. "Alisema nini siku ya kwanza?" Brayo akaurudisha mkono.

Zawadi akaingia. Gurudumu la mbele likakimbilia pembeni, likagonga ukingo, likarudi. Akashika chuma cha chini, akajivuta. Katikati ya daraja akasimama. Sijui alikuwa anatazama maji au alichoka. Muda ulikuwa mrefu. Kila mtu pale mguu wake mmoja uko mbele.

Nikamtazama Mama Zawadi. Alikuwa karibu kuliko wote, hatua tatu tu. Miaka tisa amembeba yule mtoto. Akaupeleka nyuma mkono wenye plasta, na kwa ule mzima akaushika nyuma ya mgongo wake, akaubana mpaka vidole vikabadilika rangi. Hakumjua Mzee Salim. Hakuna aliyekuwa amemfundisha.

Zawadi akashika chuma tena, akajivuta, akavuka. Akakigeuza kiti taratibu kule ng'ambo, akatutazama sote tuliobaki upande huu, watu wazima tumeganda kama nguzo.

"Mama, njoo," akaita. "Usiogope. Kanyaga katikati."